Sauti Juu ya Nguzo: Ufundi wa Kunasa Kware Busia

Katika nchi ya mtama na wimbi inayoanzia Malaba, huko Teso magharibi mwa Kenya, ikapita Busia na kuteremka hadi Samia, kware hutegwa kwa sauti. Kitanzi ndicho kinachomkamata, lakini sehemu kubwa ya kazi huwa imefanywa usiku na ndege mwenzake aliyemo tunduni. Mtegaji hodari ni yule anayejua pa kuiweka sauti hiyo.

Kware huyu wa porini, isindu kwa Waluhya na aluru kwa Wajaluo, ni Coturnix delegorguei. Uzito wake haufiki gramu 100, na si yule kware wa Kijapani anayefugwa kwa ajili ya mayai. Hana makao ya kudumu. Huandama mvua na husafiri usiku. Nyasi zikichipua na mbegu kukomaa hutua, ukame ukiingia huhama. Kwa hiyo mtego nao una msimu wake.

Hatua ya kwanza ni vitundu vilivyosukwa kwa fito, kila kimoja na ndege wake, vikipangwa kimoja juu ya kingine kwenye nguzo ndefu. Urefu huo una sababu. Sauti ya kware aliye chini humezwa na nyasi, ila akiwa juu humfikia hata msafiri anayepita angani gizani. Kware huita zaidi wakati wa magharibi na kabla ya mapambazuko. Mmoja akianza, wengine hujibu, na kundi linalopita huelewa kwamba chini kuna wenzao, basi pana usalama na chakula. Majike hufuata mwito wa madume, na madume wageni huja kushindana.

Hatua ya pili inategemea miguu ya ndege. Kware akishtuka hupenda kukimbia kabla ya kuruka, tena hupita palipo wazi kati ya mashina. Mtegaji hufyeka vijia vyembamba kuizunguka nguzo, kisha hutega humo vitanzi kwa kimo cha kichwa cha ndege. Alfajiri huingia kutoka upande wa pili na kuwaswaga polepole. Akiharakisha, wanaruka na kazi ya usiku kucha inapotea.

Kuita mawindo si kwa Busia pekee: wawindaji wa koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa anayeishi Amerika Kaskazini, nao huita. Wengi huiga kilio cha sungura aliyejeruhiwa, wakiwa wamejificha na kuangalia upepo usipeleke harufu yao. Wao huita njaa ya mnyama. Mtegaji wa Busia huita hamu ya ndege ya kuwa na wenzake. Ndiyo maana ndege wa tunduni lazima awe mzima, ashibe na atulie, kwani aliyedhoofika haiti.

Ufundi wa Busia una mipaka yake: koo huchoka, vitundu ni vichache, na kila kitanzi hukaguliwa kwa mkono. Kipaza sauti chenye mwito uliorekodiwa huiondoa mipaka hiyo yote, maana hakichoki wala hakinyamazi. Jumuiya ya Ulaya ililiona hilo mapema: sheria yake ya ndege ya 1979 iliweka vinasa sauti miongoni mwa zana zilizokatazwa katika uwindaji. Kwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawaweka ndege wa porini chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS), na anayetaka kuwakamata au kuwafuga anahitaji kibali.

Hukumu yangu ni hii: mtego wa nguzo ni elimu ya kweli kuhusu mwenendo wa ndege, na inastahili kuandikwa na kufundishwa. Vijana wa Teso na Samia, waulizeni wazee wangali hai, tafuteni kibali kabla ya kutega, waachilieni majike msimu wa kutaga, na kipaza sauti kisikanyage shamba la kware.