Uhuru wa Yasmin katika filamu ya Vuta N'kuvute

Mwaka 2021 Amil Shivji, mtengenezaji filamu wa kujitegemea wa Tanzania, alitoa Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Hadithi ni ya Unguja katika miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda, anatoroka, kisha anakutana na Denge, kijana mpinga ukoloni.

Njia hii ilikwisha kupitiwa na Ousmane Sembène wa Senegali, mwandishi aliyegeukia filamu ili awafikie wananchi wasiosoma vitabu. Shivji naye asimulia historia yetu kwa lugha yetu. Mtazamaji wa Katindiuka hahitaji mkalimani.

Picha zake ni nzuri mno, na hapo ndipo penye kasoro: mara nyingi sura ya Yasmin yasema kuliko kinywa chake. Twapenda angaliisikia zaidi sauti yake.

Hata hivyo, filamu hii yakataa kuutenga uhuru wa nchi na uhuru wa binti nyumbani kwao. Martin Luther alifundisha mwaka 1520 kwamba Mkristo ni huru kabisa, naye ni mtumishi wa wote katika upendo. Yasmin, akiisha kujinasua, anajiunga na mapambano ya wengine.

Basi sisi tunaotangaza ndoa katika sharika za bonde la Kilombero yatupasa kujiuliza: je, ridhaa ya binti tumeisikia kinywani mwake mwenyewe, au tumeletewa na wazee tu?