Kaseti iliyobaki inacheka

Februari iliyopita, kaskazi imetulia na bahari iko kama sahani, vijana wawili walimrekodi mama karanga mmoja hapa Majoreni. Dakika ishirini na tano. Samaki tele, wateja wanangoja, mafuta yanasikika yakichemka nyuma ya maneno. Walimuuliza siri ya mafanikio, akasema ni kuamka mapema na kutokopesha watu ovyo. Sehemu tamu, ina kicheko chake. Julai nilipompitia, karai lilikuwa limefunikwa. Kusi inavuma, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wachache wanaopatikana wanaishia kwa tajiri aliyewakopesha wavuvi nyavu. Yeye mwenyewe ana deni. Akaniuliza, "Ile kaseti yenu ingali inacheka huko?"

Nimeisikiliza tena mara kadhaa tangu siku hiyo. Uongo hamna. Ila yake iko kwenye ratiba. Vijana walikuwa wameahidi podikasti ya biashara kila Jumatatu, mgeni mpya kila wiki, na Jumatatu iliyofuata zamu ilikuwa ya muuza simu wa Lunga Lunga. Kumrudia mama karanga kungekuwa kuvunja ahadi.

Umbo hili hawakulibuni wao. How I Built This ya Guy Raz, iliyoanza 2016, imelizoesha dunia nzima: mwenye kampuni anasimulia alivyohangaika, anakaribia kuanguka, anainuka, na mwishoni anaulizwa ni kiasi gani kilikuwa bahati na kiasi gani kilikuwa juhudi. Mimi nakipenda kipindi hicho, sitadanganya. Lakini sikiliza sehemu kumi mfululizo uone. Wote wanazungumza wakiwa wameshavuka mto. Aliyezama hakualikwa, na angealikwa vipi?

StartUp ya Alex Blumberg ilishika njia nyingine mwaka 2014. Blumberg alijirekodi akianzisha kampuni yake ya podikasti, Gimlet, akimwomba tajiri mmoja mtaji huku maneno yakimkwama mdomoni, na msikilizaji akabaki na kampuni hiyo hiyo sehemu baada ya sehemu. Msimu wa pili, 2015, ukahamia kwa Dating Ring, kampuni ya kutafutia watu wachumba. Kwangu mimi huo ndio msimu bora, kwa sababu waanzilishi wanahangaika kupata mtaji hadi wanaanza kuitilia shaka kazi yenyewe, na mtangazaji hana pa kukimbilia. Wiki ijayo anao tena hao hao. Msimu wa tatu ukarudi kwenye visa mbalimbali, leo kampuni hii, kesho ile, na hapo nikaachia njiani.

Hata hivyo msimu nao hudanganya, kutegemea umekatwa wapi. Mwaka 2019 Gimlet iliuzwa kwa Spotify, na StartUp ikarejea kusimulia mauzo hayo. Mwaka 2023 Spotify ikapunguza wafanyakazi na kuimeza Gimlet ndani ya idara yake. Kufikia hapo kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa. Anayesikiliza leo akaishia kwenye mauzo atadhani amefika mwisho wa hadithi.

Sasa, sisi tungekata wapi? Neno lenyewe linatusaidia. Msimu limetoka kwa Waarabu, mawsim, wakati maalumu unaorudi kila mwaka. Neno hilo hilo lilipitia kwa Wareno likaishia kuwa monsoon ya Waingereza. Wenzetu wa podikasti waliazima misimu yao kwenye televisheni, ambako huanza na kuisha kwa kalenda ya kituo. Huku kwetu pepo zinaamua nani atakula. Biashara ya samaki inayosikika kaskazi peke yake ni nusu biashara. Msimu mmoja wa podikasti unapaswa kuanza kaskazi na kufika kusi, bas.

Au chukua mwani wa akina mama wa Kibuyuni. Mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, na kazi hiyo hufanywa maji yakitoka sana, wakati wa bamvua. Wiki sita hivi mwani umekomaa, kisha kuanika, kisha kumngoja mnunuzi. Maji yakipata joto kali mwani hugeuka mweupe ukakatika. Ukimhoji mkulima siku ya kufunga mbegu utapata matumaini tu. Siku ya mizani utapata hesabu. Katikati kuna bamvua tatu nne, na kila bamvua ni sehemu yake, tena imejipanga yenyewe bila mhariri.

Vijana niliwaambia haya yote wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema, "Mzee, tukinyamaza miezi mitatu watu watatusahau, na matangazo nayo?" Hoja yake ni nzito, siwezi kuipuuza. Simu haimwekei mtu nafasi, na msikilizaji wetu ananunua bando la siku. Nikamuuliza hao watangazaji anaowatarajia ni kina nani. Hoteli za Diani, akasema. Basi hoteli za Diani zenyewe huajiri watu Agosti na Desemba, ikifika Mei nusu ya vijana wa kijiji wako nyumbani. Alicheka. Ndugu yake alikuwa mmoja wao.

Tulichokubaliana ni kidogo. Jumatatu zimefutwa. Sehemu nane, watu watatu tu: mama karanga, mvuvi mmoja, na tajiri, akikubali, ambalo bado hatulijui. Kurekodi kunaanza Januari, na hakuna kinachotoka hewani mpaka Agosti. Mama karanga amekubali kwa sharti kwamba ile sehemu ya Februari isifutwe. Anataka iwe ya kwanza.