Afrika Mashariki bila buibui

Tukisema "jua letu linatosha", wengi tunaegemea utafiti wa Luxwolda na wenzake wa 2012: wastani wa vitamini D kwenye damu nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 inayohesabiwa kutosha mifupa. Kazi safi. Ila kichwa chake kinataja Afrika Mashariki, na waliopimwa ni watu 60 tu: Wamaasai 35, Wahadzabe 25, na asilimia 84 ya hao Wahadzabe wanaume! Mwanamke wa Wambaa, Pemba, na buibui lake yuko wapi humo? Miale inayotengeneza vitamini D ngozini haipenyi kitambaa kizito cheusi. Huenda uani anapata jua, na dagaa wakamsaidia. Huenda. Apimwe yeye, tena dodoso limuulize anakaa uani saa ngapi bila buibui.