Bomu Lililofunguliwa Macho

Nimeliona! Nimesimama hatua mbili mbele yake, nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na kichwa chake, na jicho lake la kioo likanikodolea. Linaitwa BOLT-117, bomu la kwanza duniani kuongozwa kwa mwanga wa leza, nalo limetulia kwenye ukumbi wa vita vya Vietnam katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, Ohio. Kwa miaka mingi nimekuwa nikilijua kwa picha tu. Jumamosi iliyopita nikamwamsha mpwa wangu alfajiri, tukatoka Columbus kwa gari, na saa tatu kamili milango ilipofunguliwa sisi tulikuwa tumeshafika. Kiingilio bure, maegesho bure. Ningelipa, tena bila kuomba chenji.

Nieleze kwanza nilichokiona, maana bado moyo unanienda mbio.

Katikati kuna pipa nene la chuma lililochongoka. Hilo ni M117, bomu la kawaida kabisa la ratili 750, yaani kilo 340 hivi, la aina ambayo Wamarekani waliidondosha kwa maelfu. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Likishaachia ndege, limekwenda. Upepo ukilisukuma, limesukumwa, na rubani aliyekosea kidogo huko juu anasikia kosa lake likilipuka shambani kwa mtu. Sasa angalia nyuma: mapezi makubwa. Angalia mbele: mapezi madogo yanayopinda, na mbele yake, kwenye ncha kabisa, kuna kidude kama tochi kilichovishwa pete. Hapo ndipo nilipokwama robo saa nzima.

Pete hiyo ni akili tupu! Kile kichwa kidogo hakikukazwa, kinacheza kwenye kiungo chake. Bomu linapoanguka, upepo unaishika pete na kukigeuza kichwa, kama unavyokigeuza kile kipira cha manyoya cha badminton, hivyo jicho linatazama kila mara upande ule bomu linakoelekea kweli, hata kama tumbo la bomu limekaa upande. Nyuma ya kioo kuna kihisi kilichogawanywa robo nne. Ndege nyingine huko juu inamulika shabaha kwa leza, mwanga unarudi, unaingia kwenye jicho. Ukiangukia zaidi robo ya kulia, mapezi yanalisukuma bomu kulia. Ukiangukia juu, yanalisukuma juu. Na hayajui kupinda kidogo kidogo: ama yamepinda yote, ama yamelala. Bomu linashuka likiyumba huku na huku, kama dereva mwanafunzi anayekata usukani wote kila anapoona shimo, lakini linafika. Hakuna kompyuta ya kufikiri humo ndani. Ni upepo, pete, kioo na robo nne.

Mpwa wangu akalizunguka mara mbili, kimya, halafu akauliza: "Mjomba, sasa bomu jipya ni lipi hapa?"

"Hakuna bomu jipya. Hilo pipa la katikati ni lile lile la zamani."

"Kwa hiyo wamelivalisha tu?"

Wamelivalisha tu! Mtoto wa miaka 13 kalisema jambo zima kwa maneno mawili. Mwaka 1965 kampuni ya Texas Instruments, iliyojulikana kwa transista, ilipewa na jeshi la anga kandarasi isiyofika hata dola 100,000. Mhandisi wake Weldon Word na wenzake hawakujaribu kuunda silaha mpya. Waliuliza ni kitu gani kidogo kabisa unachoweza kukifunga mbele na nyuma ya bomu ambalo tayari limejaa ghalani, ili liache kuwa jiwe. Mwaka 1968 jibu lao lilikuwa linadondoshwa Vietnam kwa majaribio ya vita.

Ili uone ukubwa wa hatua hiyo, rudi jengo la kwanza. Sisi tulirudi, tena kwa haraka, tukizipita ndege ambazo siku nyingine ningeziganda. Pale kwenye ukumbi wa Vita Vikuu vya Pili wamelihifadhi Fritz X la Wajerumani. Nalo ni bomu lililovalishwa: lile la kutoboa deraya la takriban kilo 1,400, ambalo mhandisi Max Kramer aliliwekea mabawa manne mafupi ya msalaba na mkia wenye redio. Ni zito kwa sura, limevimba mabega. Mlenga bomu alikuwa analiachia kutoka juu sana, kisha anaifuata kwa macho taa ya moto iliyowashwa mkiani, huku akiliongoza kwa kijiti cha redio mkononi. Tarehe 9 Septemba 1943, siku moja baada ya Italia kutangaza kuwa imeacha vita, ndege za Dornier ziliikuta manowari ya Kiitaliano Roma karibu na Sardinia. Mafritz mawili yaliipata. La pili lilifikia ghala la baruti la mbele, na meli ya zaidi ya tani 40,000 ikakatika na kuzama na mabaharia zaidi ya 1,200. Nilimsomea mpwa wangu hesabu hiyo akanyamaza, nami sikuwa na la kuongeza.

Lakini angalia udhaifu wa Fritz. Jicho lilikuwa la binadamu, na binadamu huyo alikuwa bado ndani ya ndege, akiruka taratibu na kunyooka juu ya adui ili asilipoteze bomu lake. Ni sawa na kumrushia mtu jiwe halafu ukabaki umesimama mlangoni kwake mpaka lifike.

Wamarekani nao walijaribu njia ya pili katika vita hivyo hivyo: mabawa bila macho. Bomu la ratili 2,000 lililofungwa mabawa kama ya ndege ndogo, liitwalo GB-1, lilitengenezwa na kampuni ya Aeronca, ya hapa hapa Ohio. Mei 1944 ndege za B-17 ziliachia zaidi ya mia moja kuelekea Cologne kutoka mbali. Yalielea vizuri. Yalianguka popote yalipopenda. Huwezi kuupiga mji hivyo halafu ukasema umelenga kitu.

Basi weka hayo mawili kichwani, jicho na bawa, kisha rudi nami Vietnam.

Kulikuwa na daraja Thanh Hoa, juu ya mto Ma, ambalo Wavietnam waliliita Ham Rong, Taya la Joka. Wamarekani walianza kulishambulia Aprili 1965. Walilirudia mara mamia. Mabomu yaligonga chuma, yakachimba kingo za mto, yakageuza ardhi kuwa mashimo matupu, na marubani waliendelea kutunguliwa wakilizunguka. Daraja liliharibiwa, likafungwa, likatengenezwa, likapitisha tena. Miaka saba! Tarehe 13 Mei 1972 ndege za Phantom zilikwenda na wajukuu wa hili BOLT-117, mabomu ya ratili 2,000 na 3,000 yenye macho ya leza. Upande wa magharibi wa daraja uling'olewa kwenye kiegemeo chake, na ndege zote zikarudi. Kwenye ukumbi huo huo ipo Phantom unayoweza kuizunguka. Nilisimama mahali ambapo naliona bomu na ndege kwa pamoja, nikampigia magoti Weldon Word moyoni.

Leza ina adui mmoja mkubwa: wingu. Mwanga haupiti, jicho halioni. Na yule anayemulika lazima aendelee kumulika, mkono umetulia, mpaka bomu ligonge. Vita vya Ghuba vya 1991 viliwakumbusha Wamarekani jambo hilo kwa moshi na mawingu, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo linalonikosesha usingizi mpaka leo: JDAM.

JDAM ni mkia. Nasema tena, ni mkia tu! Unachukua bomu la kawaida, unaling'oa mapezi ya nyuma, unalifunga mkia wenye vipima mwendo na kipokezi cha GPS, unalifunga mbavu tumboni, umemaliza. Hakuna anayemulika chochote. Ndege inalipa namba za mahali, bomu linaachiliwa, na mkia unalipeleka kwenye namba hizo, mchana au usiku, wingu au mvua. Jeshi la anga lenyewe linasema shabaha yake ni ndani ya mita 5 likiwa na GPS, na mita 30 likiikosa. Kwa bei, ni makumi ya maelfu ya dola wakati makombora ya masafa marefu yanakwenda kwa mamilioni. Tuliingia jengo la tatu na kusimama chini ya B-2, lile bawa jeusi lisilo na mkia, nikamweleza mpwa wangu kwamba mwaka 1999 ndege za aina hii ziliruka saa 30 mfululizo kutoka Missouri hadi Yugoslavia na kurudi, zikidondosha JDAM zaidi ya 600 katika vita vyake vya kwanza.

Na papo hapo nikalazimika kumweleza la pili. Tarehe 7 Mei 1999 B-2 iliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade. Mabomu hayakukosea. Yalikwenda pale pale yalipotumwa. Namba ndizo zilizokuwa za jengo jingine, na Wachina watatu walikufa. Desemba 2001, Afghanistan, mwanajeshi wa Kimarekani alibadilisha betri ya kifaa chake cha GPS. Kifaa kilipowaka tena kikaonyesha mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe, namba hizo zikatumwa juu, na bomu la ratili 2,000 likazitii. Wanajeshi watatu wa Kimarekani waliuawa pamoja na Waafghani waliokuwa nao, na kiongozi wao Hamid Karzai akajeruhiwa kidogo. Fritz lilikuwa na mtu aliyelitazama mpaka mwisho. BOLT lilikuwa na mtu aliyelimulikia. JDAM lina aliyeandika namba, basi. Ndiyo maana kila ninapozisifu zile mita 5 nasikia mdomo unakauka: ni mita 5 kutoka kwenye namba.

Sasa mabawa yamerudi, na ndiyo habari ya zama hizi. Umewahi kumtazama mwewe juu ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam? Hapigi mabawa. Ameyafungua, anateleza hewani, na ukimkazia macho utaona mkia wake ndio unaofanya kazi: unapinda kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha ghafla yuko mezani kwa mtu na samaki kaondoka. Hivyo ndivyo JDAM-ER lilivyo. Kwenye mkia ule ule limeongezwa bawa linalokunjwa, utafiti wa wanasayansi wa Australia, linalofunguka bomu likishaachiliwa. Bomu lililokuwa likifika kilomita 24 hivi, sasa linapita 70. Jicho limekutana na bawa baada ya miongo mingi!

Warusi nao wamefanya lao, na uhandisi wake si wa kupendeza hata kidogo. Kifaa chao cha UMPK, kilichoanza kuonekana Ukraine mwaka 2023, ni mabawa na mkia wa kuongoza vilivyofungwa kwenye mabomu ya FAB ya enzi za Kisovieti. FAB-500 maarufu ni la muundo wa 1962. Ukiziangalia picha za karibu utaona bati la kawaida na viungo visivyosafishwa. Kinafanya kazi. Ndege inaachia ikiwa mbali na mizinga ya kuitungua, na ghala la miaka sitini limegeuka silaha ya leo. Mei 2024 mabomu ya mabawa yaliangukia duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Kharkiv, Jumamosi mchana, watu wakinunua rangi na misumari, na zaidi ya 15 waliuawa. Naipenda akili ya kuvalisha bomu kuliko ninavyopenda mashine nyingi, na siwezi kuiandika nikaliruka duka lile.

Ukienda Dayton, usianze na B-2 kama kila mtu. Anza na Fritz X, kaa nalo, kisha vuka jengo la pili taratibu. Ukifika kwa BOLT-117 inama, usilitazame kutoka juu, maana pete ile haisemi chochote mpaka uitazame usawa wa macho. Jumba linafungwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na nusu sisi tulikuwa tumelirudia kwa mara ya tatu. Nilipogeuka kumwita mpwa wangu tuondoke, nikamkuta ameegemea nguzo, kawasha tochi ya simu, na anajaribu kukishikilia kiduara cha mwanga mahali pamoja ukutani upande wa pili. Kiduara kinacheza. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mkono unatetemeka, mjomba."