Kisa na Hoja Kutoka Daftari Moja

Kila anayesahihisha insha za Kiswahili nchini Kenya anaujua mwanzo huu. Jogoo la kwanza linawika, msimulizi anarauka, anajitoma hamamuni, anakoga kwa maji fufutende, anavalia sare iliyopigwa pasi ikapigika, anastaftahi, kisha anashika njia guu mosi guu pili hadi shuleni. Aya imekwisha. Hakuna aliyetaka kitu, hakuna aliyenyimwa kitu, na methali iliyotolewa katika swali haijaguswa. Maneno 60 au 70 yameshakwenda kati ya 400.

Huu si uvivu. Aliyeandika hivyo amepiga hesabu yake vizuri. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, 102/1, inampa saa 1 na dakika 45 aandike insha 2, kila moja isiyopungua maneno 400. Swali la kwanza ni la lazima, nalo kwa kawaida ni la kiuamilifu: barua, hotuba, ripoti, mahojiano, tahariri. La pili analichagua kati ya matatu yaliyobaki, na humo hakukosi methali, au kisa kinachoanza au kumalizikia kwa maneno fulani. Kila insha ina alama 20. Ili afike ngazi ya A, inayoanzia alama 16, mtahiniwa sharti aonyeshe ukwasi wa lugha pamoja na maudhui yaliyokomaa. Maudhui hayakaririki. Lugha inakaririka. Basi mwalimu huchapisha orodha ya mapambo, mwanafunzi akaimeza, na siku ya mtihani akaitoa yote mwanzoni, kwa sababu mwanzo ndipo mahali pekee ambapo kisa bado hakijamdai chochote.

Kumkataza hakusaidii. Ukimwondoa jogoo, wanafunzi watatafuta mwanzo mwingine wa kukariri, kwa kuwa hawajapewa kazi nyingine ya kufanya katika aya ile. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua: jinsi kisa kinavyofundishwa kutoka ndani ya methali yenyewe, na jinsi njia hiyo hiyo inavyotumika kufundisha hoja. Nimeifundisha katika Kidato cha Pili, darasa ambalo mtihani ulikuwa bado mbali kidogo na mwanafunzi alikuwa bado anakubali kujaribu.

Tulianza na methali ambayo kila mmoja alidhani anaijua: mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika kipindi cha kwanza, dakika 40 zote, hakuna aliyeruhusiwa kuandika kisa. Niliuliza tu: mtoto analilia nini? Majibu ya kwanza yalikuwa anasa, mambo ya ujana, pesa. Sikuyaandika ubaoni. Niliendelea kuuliza mpaka kikapatikana kitu kinachoweza kushikwa mkononi: simu, viatu, nauli ya kwenda kwenye tafrija. Kisha nikauliza swali ambalo mwongozo wa kusahihisha hauulizi. Mzazi alikataa mara ngapi kabla ya kukubali, na alipokubali alikuwa akifanya nini?

Hapo ndipo kisa kinapozaliwa. Methali hii, kama nyingi za aina yake, ina upande wa tendo na upande wa matokeo, na mtahini anataka pande zote mbili zionekane. Mtahiniwa anayesimulia habari za mtoto mtukutu tu, bila mzazi aliyemwachia, ameandika nusu. Anayeacha methali kabisa huambiwa amejitungia swali, na alama zake huporomoka hadi ngazi ya D hata kama lugha yake inang'aa. Lakini kati ya tendo na matokeo kuna dakika moja ambayo wengi huiruka: dakika ya kulegea. Mzazi alikuwa amesema hapana. Sasa anasema haya, chukua. Bila dakika hiyo hakuna kuchelea, pana mzazi mbaya na mtoto mbaya tu, na msomaji hajifunzi ni vipi mtu mwema hufika huko.

Darasa liliamua kwamba mama anauza sukumawiki na kwamba juu ya meza kuna pesa za chama chake cha wanawake wanaokopeshana. Kijana anataka shilingi 500. Tukaandika sentensi moja pamoja: "Mama alizihesabu noti za chama mara mbili, akatoa moja ya shilingi 500, akaisukuma upande wangu wa meza bila kunitazama." Hebu itazame ilivyofanya kazi. Kuhesabu mara mbili kunaonyesha kwamba anajua pesa si zake. Kusukuma si kukabidhi. Kutomtazama mwanawe kunasema kwamba ameona aibu, na aibu hiyo haijatajwa. Tena msimulizi ni mtoto mwenyewe. Uamuzi huo wa nafsi ya kwanza ulizua mjadala mrefu, nao ulistahili muda wake. Kijana akisimulia, itambidi akiri alichokiona akakipuuza, kwa hiyo kila sentensi inabeba mambo mawili: alivyoelewa siku ile na anavyoelewa sasa. Mama akisimulia, kisa kinakuwa malalamiko. Jirani akisimulia, hakuwepo mezani, na dakika ya kulegea inatupotea.

Matokeo nayo yakaanza kujitengeneza. Wanafunzi wetu wengi humaliza visa kwa ajali ya barabarani, jela au kaburi, kwa kuwa hayo ndiyo mabaya makubwa wanayoyajua. Nikawauliza: ajali ya basi imetokana vipi na kulegea kwa mama? Haikutokana. Wakarudi kwenye pesa za chama. Mchango wa mama ukapungua, mara ya pili akashindwa kabisa, wenzake wakamtoa kwenye zamu ya kukopeshwa. Kijana alipokamatwa na dhamana ikatakiwa, mama alikwenda kwa wale wale wanawake, na mweka hazina akafungua daftari akamwonyesha jina lake lilipokatwa. Mama analia kwa noti zile zile alizozisukuma. Tendo na matokeo vimefungwa na kitu kimoja kinachoonekana, na mwanafunzi wa miaka 15 au 16 ameunda muundo ambao watunzi wazoefu wa hadithi fupi huutegemea.

Lugha pevu ilikuja baadaye, katika nakala ya pili. Siipingi hata kidogo. Kiswahili kina utajiri ambao mtoto anapaswa kuurithi, na mwalimu anayeufuta wote kwa kalamu nyekundu anafanya dhuluma. Sharti langu lilikuwa moja: pambo litoke ndani ya kisa hiki, lisiwe limesafiri kutoka orodha ya shule. Mmoja akaandika kwamba noti zilikuwa zimenyauka kama sukumawiki iliyoshinda juani. Tashbihi hiyo haiwezi kuhamishiwa insha nyingine, kwa sababu inatoka kwenye kazi ya mama.

Wiki iliyofuata tuliingia kwenye hoja. Mada tuliyoshika ni ya aina inayojulikana: simu imemharibu mwanafunzi wa leo, jadili. Kasoro ya insha hizi si jogoo tena. Ni kwanza, pili, tatu, kila hoja ikipewa sentensi mbili, na katikati yake takwimu ya kubuni: utafiti umeonyesha kwamba asilimia 80 ya vijana... Utafiti gani? Haupo. Mtoto ameutunga akiwa ameketi kwenye dawati.

Jambo hili linaniuma kuliko jogoo. Jogoo humpotezea mtu aya moja tu. Takwimu ya uongo humfunza kwamba maandishi ya kweli ni mahali ambapo uongo hulipwa alama, mradi umevalishwa tarakimu. Mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake hana namna ya kuithibitisha, na mtahiniwa anajua hivyo. Ataondoka na tabia hiyo aipeleke chumba cha habari, ofisi ya kaunti, jukwaa la siasa. Kubuni ni kazi ya heshima ndani ya kisa, kwa kuwa msomaji anajua anasimuliwa. Ndani ya ripoti ni kumwibia aliyekuamini.

Kwa hiyo hakuna aliyeandika hoja mpaka alipokwenda kuzungumza na mtu mzima kuhusu kazi yake: mpishi wa shule, mlinzi, mama mboga, mwendesha bodaboda, fundi cherehani. Aombe ruhusa kwanza, na akikataliwa aondoke kwa adabu. Daftarini aandike alichokiona kwa macho yake, alichoambiwa kwa maneno ya msemaji yasiyorembwa, na kipimo kimoja ambacho mtu huyo mwenyewe hukitumia kila siku: madebe, saa, shilingi, idadi ya sahani. Mpishi anayetumia kuni, kwa mfano, ana mengi ya kusema kuhusu kuni mbichi, zinavyoichelewesha sufuria ya githeri na zinavyomlazimu kuamka mapema zaidi ili wanafunzi wale kwa wakati. Tayari hiyo ni sababu na tokeo, mnyororo ule ule wa mama na pesa za chama, ila huu haukubuniwa. Mwanafunzi akitaka kuishawishi bodi ya shule inunue jiko la gesi, ana shahidi, na hahitaji asilimia 80 ya mtu yeyote.

Kama kielelezo tulitumia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti, mwimbaji, alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo katika santuri. Shaaban Robert alikutana naye na kuzungumza naye muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950. Kazi ya darasa ilikuwa kutenganisha alichokipata mwandishi kutoka kwa Siti na pale anaposimama yeye mwenyewe kutoa hukumu au wosia. Huo ni ujuzi wa kiufundi kabisa. Wanafunzi waligundua kwamba hukumu ya mwandishi ina uzito kwa sababu vyungu vimetangulia. Hoja inayokuja kabla ya mambo yaliyoonekana ni maoni tu.

Zoezi lililounganisha pande mbili ndilo ninalolithamini zaidi. Kutoka kurasa zile zile za daftari, kila mmoja aliandika kisa na ripoti. Katika kisa aliruhusiwa kumpa mpishi mtoto mgonjwa, kuileta mvua siku ya mtihani wa taifa, kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja. Kisha apige mstari chini ya kila alichobadilisha. Katika ripoti mstari ule hautakiwi kuonekana popote, na ukionekana, afute au arudi akaulize. Walioshikwa na jambo hili walianza kukosoana wenyewe, wakiulizana kila mmoja amejuaje alichoandika.

Kusahihisha ndiko kunakowavunja walimu moyo, na wana haki. Darasa la wanafunzi 50 wakiandika maneno 400 ni maneno 20,000 kwa zoezi moja. Raundi ya kwanza nilisoma dakika ya kulegea peke yake, au hoja moja na shahidi wake, nikaacha hijai na sarufi kwa nakala ya pili, baada ya wanafunzi kusomeana wawili wawili kwa sauti. Sikio hunasa upatanisho uliovunjika haraka kuliko jicho. Sheng haikunisumbua: ilibaki ndani ya alama za kunukuu pale mhusika anapoihitaji, na kwa uchache.

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na baada yake ni wanafunzi wa mtaala wa umilisi. Huenda huko daftari kama hili likapata nafasi kubwa zaidi. Kwa sasa karatasi ni dakika 105, takribani 50 kwa kila insha, na kilichofanywa kwa wiki mbili lazima kibanwe humo. Tulifanya mazoezi hivi: dakika 10 za kwanza mtahiniwa haandiki insha. Anatafuta kitu cha kushikwa mkononi, anaandika pembeni dakika ya kulegea kwa sentensi moja, na tokeo linalotoka ndani yake. Kisha anaanza kuandika karibu kabisa na dakika hiyo. Kwa insha ya hoja anaandika mtu mmoja aliyemwona au kumsikia kando ya kila hoja, na hoja isiyo na mtu anaiacha. Dakika 5 za mwisho ni za kusoma upya, na takwimu yoyote asiyojua ilikotoka anaikata.