Juu ya Maua ya Arusi

Mjukuu wangu anaolewa mwezi wa Aprili, na kwa kuwa mimi ndiye mzee pekee aliyebaki upande wetu, nimewekwa katika kamati ya arusi bila ya kuulizwa. Kikao cha tatu kilihusu mapambo. Mpambaji, kijana mwenye adabu zake, alitufungulia picha katika simu: upinde wa maua ya pinki ya plastiki na kitambaa, mashina meupe ya miti ambayo haijapata kuwa miti, na vishada vikining'inia juu ya meza ya maharusi. Alisema mtindo huo unaitwa "spring". Mjukuu wangu akatabasamu. Nilipouliza hiyo spring ni kitu gani kwa mtu wa Tanga, kikao kizima kilinitazama kama wanachuo walivyokuwa wakinitazama nilipowarudisha darasani kufuta ubao.

Nilifundisha Biolojia katika chuo cha ualimu kabla sijapewa ukuu wa chuo, na kutaka kujua ua limetoka wapi na huchanua lini ni maradhi yangu ya zamani. Baadhi ya wafasiri huyaita majira yale ya Ulaya "masika". Si sawasawa, maana masika yetu ni mvua, na yao ni kumalizika kwa baridi na miti iliyokuwa mitupu kuanza kutoa majani. Lakini yote mawili huangukia Aprili. Kwa hiyo nilimwomba mjukuu wangu aje nyumbani tutazame pamoja arusi moja ya majira hayo ambayo naiona ilipambwa vizuri.

Ni ile ya Prince William na Catherine Middleton, iliyofungwa Westminster Abbey, London, tarehe 29 Aprili 2011. Siku ile niliitazama katika televisheni pamoja na marehemu mke wangu. Kamera ilipoingia ndani ya kanisa, yeye ndiye aliyesema kwanza: "Hawa wameingiza shamba kanisani."

Alisema kweli. Mpambaji wao, Shane Connolly, alisimamisha miti hai minane kandokando ya njia ya katikati, sita ya aina ya mepo na miwili ya aina iitwayo honibimu, kila mmoja kama mita sita kwenda juu. Msomaji ayatazame mambo haya kwa jicho la fundi. Dari la kanisa lile liko juu kiasi cha mita 31. Weka humo vyungu vya maua, hata vya thamani namna gani, navyo vitapotea kama mtu anayenong'ona katika uwanja wa mpira. Miti haikupotea. Tena haikuwa na maua ya kushindana na mtu yeyote. Ilikuwa na majani mabichi tu, yale ya wiki ile ile, na jicho lilishuka lenyewe kutoka kwenye majani hadi kwa bibi arusi. Na kwa kuwa miti ilikuwa na mizizi yake, mpango ulikuwa ipelekwe baadaye kupandwa Highgrove, kwenye bustani ya baba yake bwana arusi. Sehemu kubwa ya maua na matawi mengine ilitoka katika mashamba na bustani za huko huko, Windsor ikiwamo. Mtu aliyefunikwa macho akafunuliwa ndani ya kanisa lile angeweza kusema: hapa ni Uingereza, na mwezi ni Aprili. Sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa mpambaji wa arusi.

Shada la bibi arusi naliona limefaulu nusu. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye maua ya kengele ndogo yaitwayo lily of the valley, pamoja na hayasinthi, majani ya aivi, na ua liitwalo Sweet William, ambalo ni mchezo wa maneno juu ya jina la bwana arusi. Mwalimu yeyote wa lugha atacheka kidogo hapo. Palikuwa na mhadasi pia, ule mti tuusomao katika Isaya, uliotoka kwenye kichaka kilichopandwa Osborne mwaka 1845, enzi za Malkia Victoria. Hayo ni mazuri. Lakini weupe juu ya weupe ulilifanya shada limezwe na gauni. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama bibi arusi ameshika kitu. Na ilibidi maana ya kila ua itangazwe kwa maandishi: hili ni upendo wa kudumu, lile ni uaminifu. Ua linalohitaji karatasi ya kulieleza limekwisha pungukiwa kitu.

Alichofanya bibi arusi na shada baadaye hakikuhitaji karatasi. Lilirudishwa kanisani likawekwa juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana. Aliyeanzisha jambo hilo ni Elizabeth Bowes-Lyon, tarehe 26 Aprili 1923. Aliliweka shada lake pale akiwa anaingia kufunga ndoa, kwa kumkumbuka kaka yake Fergus aliyeuawa vitani Loos mwaka 1915. Aliifunga ndoa yake mikono mitupu.

Hapo ndipo mke wangu alipozima sauti ya televisheni akaniambia, "Mama naye alileta yake." Sikumjibu. Nilijua anachosema.

Tulioana mwaka 1976. Alasiri ya siku ile mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, alikuja na koja la asumini na kikuba cha mrehani, mkadi na asumini, vyote amevifunga katika jani la mgomba visipate joto. Asumini huchumwa ingali vikonyo, jua likianza kupoa, ipate kufunguka usiku mwilini mwa mvaaji. Mama yule alikuwa amehesabu saa zake. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimenunua dukani mjini shada la maua mekundu ya plastiki kwa fedha ya kukopa, na nilisema, mbele ya watu, kwamba mke wa mwalimu hatanukia kama mtu wa ngoma. Mama mkwe wangu alilifunga jani lake akaenda kukaa nyuma. Tuliishi pamoja miaka mingi na hakulitaja tena neno hilo, wala mimi sikumwomba radhi. Alifariki kabla sijapata akili.

Huenda mtu akaniambia kwamba nawanyima riziki wakulima wa maua wa Naivasha, ambao waridi zao hujaza maduka ya Ulaya. Siwanyimi. Waridi la Naivasha lina shamba, lina mchumaji, na wiki ijayo litakuwa limenyauka. Lichukuliwe liwekwe mezani kwetu, tutajua limetoka wapi. Ugomvi wangu ni na upinde ule wa pinki, ambao mpambaji aliukiri mwenyewe kuwa umekwisha kwenda arusi nyingi na utakwenda nyingine.

Mjukuu wangu alitazama filamu yote. Alisema miti ni mizuri, lakini ukumbi tuliokodi una dari fupi. Ni kweli, nami nilipaswa kuliona hilo kabla yake. Kisha akataka kujua kikuba kinafungwaje, kwa kuwa alisikia bibi yake akikitaja. Nikamwambia mkononi sikijui, nimekiona tu, na nikamweleza nilikiona lini na nikakifanya nini. Alinyamaza muda mrefu.

Kikao cha nne kimepitisha upinde, kura saba kwa mbili. Kura ya pili ilikuwa yake. Shada la mkononi limeachwa aamue mwenyewe, naye ameniagiza nimtafutie Pangani mama anayejua kufunga vikuba. Nitapanda basi Jumatatu. Lile shada la 1976 liko sandukuni mpaka leo, na wekundu wake haujapungua hata kidogo.