Pongezi kwa Wake wa Wanajeshi wa Lubaga

Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka jeshi Somalia, sifa zimekwenda kwa aliyebeba bunduki. Mke aliyebaki Nateete au Ndeeba, mitaa ya Lubaga jijini Kampala, anastahili zake. Ndiye anayekabiliana na mwenye nyumba, anayempeleka mtoto Hospitali ya Lubaga usiku, anayekata shauri la karo peke yake. Wengine watasema mshahara unamfikia, analalamikia nini? Lakini fedha hazikeshi na mgonjwa, wala hazimjibu mtoto anayemuulizia baba. Watasema pia kwamba upweke humvunja mtu. Kweli, baadhi huvunjika. Wapo pia waliofungua genge, wakajiunga na chama cha kuweka na kukopa. Mume akirudi hukuta mfanyabiashara aliyezoea kuamua, na sasa ni zamu ya mume kujifunza kuomba ushauri.